Mapindo ya Pango la Chanda

Kizimkazi
16 Mfungo Pili, yaani 4 Februari 1969

Kwa binti yangu Mwatum,

Waaleikum salaam, na marahaba. Nakujibu kabla hujaniamkia, kwa sababu nikingoja uanze wewe ntangoja mpaka nizikwe. Mimi mzima. Mguu wa kushoto unanikera panapo baridi, na meno yamebaki ya kuhesabika, lakini bado nalima. Natumai na wewe huko mjini afya yako ni njema. Nnaandika kwa herufi za Kiarabu kwa kuwa za kizungu sizijui, na hizi nlikusomesha mwenyewe, kwa hivyo usiniambie umezisahau.

Miaka kumi na mbili hatujaandikiana. Nlikwambia ukitoka na yule karani wa mjini usinirudie, nawe katika maisha yako yote ukanitii kwa hilo moja tu.

Haja yangu ni hii. Wiki iliyopita wamekuja watu wawili na utepe, wamelipima jabali la Pango la Chanda na kulitia alama za rangi nyekundu. Wanataka mawe ya nyumba mpya, na mengine ya kuchoma chokaa. Nyumba ni jambo la kheri, sina ugomvi nazo. Lakini majabali yako mengi, na ule mzingo ni mmoja.

Wewe unajua kilichomo chumba cha ndani, kwa uchache nusu yake. Njia moja iliyochongwa ukutani, inajizungusha mapindo saba mpaka kati. Hakuna aliyewahi kuuona, kwa sababu moto hauingii mle. Tunaujua kwa kidole. Baba yangu alinishika mkono gizani, nami nkakushika wewe mpaka pindo la tatu. Manne yaliyobaki yalikuwa yakungoje ukue, na ulipokua ukaenda zako. Mimi ndiye mvyale wa pale, ndiye ninayepatunza, na kila mwaka kabla watu hawajaoga mwaka naingia, naufuata mpaka kati na kurudi bila ya kunyanyua kidole. Baada yangu hakuna mwengine.

Nasikia unafanya kazi kwenye ofisi inayotunza magofu na vitu vya kale. Waombe wakubwa zako waandike karatasi jabali lisiguswe. Msimamizi wa mawe ni mtu wa adabu, kaniambia karatasi akiiona ataiheshimu. Kazi wataianza mwishoni mwa Julai, baada ya sikukuu ya Mwaka.

Barua hii nimempa Pandu, utingo wa gari letu. Mpe yeye jibu.

Mimi baba yako,
Simai


Mkunazini, Mjini
11 Februari 1969

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo, namshukuru Mungu, na mguu wako nauombea dua. Barua yako nimeisoma mara tatu. Mara ya kwanza nlikuwa naokota herufi, mara ya pili nkaelewa maneno, mara ya tatu nliisoma kwa sababu ni mkono wako tu.

Yule karani, Darwesh, aliondoka mwaka wa sitini na nne. Alipanda meli mwezi wa Aprili, akasema akishapata mahali ataniita. Sijaitwa. Nlidhani habari imekufikia, na kwamba umenyamaza kwa kuwa ulishasema lako. Sasa nakaa chumba cha juu katika nyumba ambayo wenyewe wameondoka. Chini kumefungwa, ghorofa ya kati kumefungwa. Nikishuka ngazi nasikia kandambili zangu tu, kwa hivyo siku za mapumziko mara nyingi sishuki.

Kazi yangu ni kupiga chapa. Mkubwa wangu, Bwana Sleiman, nimemweleza habari ya mzingo, naye akainuka kabisa kitini. Kanifungulia kitabu chenye picha za majabali ya Hispania na Italia na Bara Hindi, na humo mna michoro kama wetu, mizunguko ndani ya mizunguko na njia moja inayokwenda mpaka kati. Wamechonga watu wa zamani sana, kabla kuandika hakujajulikana, na hakuna ajuaye walikusudia nini. Kasema wa kwetu ukiwa ni wa namna hiyo, basi ni mkubwa kwa umri kuliko msikiti wenu wa kale mara nyingi.

Ofisi inataka mchoro. Mapindo matatu nnayo, kidole hakijasahau. Nielekeze manne yaliyobaki kwa maandishi, nami ntauchora wote niwape.

Mwanao,
Mwatum


Kizimkazi
12 Mfungo Tatu, 2 Machi 1969

Binti yangu,

Marahaba. Sikukuu ya kuchinja imepita salama, nyama nimepata, meno ya kuilia ndiyo nliyokosa.

Habari ya Darwesh sikuwa nayo. Nisingekuja kukusimanga, na ulikosea kunidhania hivyo. Ningekuja kukuchukua. Sijui kama ungekubali kuja.

Hilo la kuandika mzingo kwenye karatasi limenikosesha raha wiki mbili nzima. Jambo hili linatoka mkononi kuingia mkononi. Nimemuuliza Kazija jirani yangu, akanambia Simai, utakufa nalo na uzikwe nalo. Kazija hana upole, lakini kasema kweli. Basi nakupa la nne, na mengine ntayatoa moja moja. Usiniharakishe.

Ukifika mwisho wa pindo la tatu, pale ulipokuwa ukilia kwa kuwa jiwe limeloa, usinyanyue. Shuka shubiri moja. Utakuta jiwe limekuwa laini kama tako la chungu. Hapo njia inarudi ilikotoka na inapita ubavuni mwa pindo la pili bila ya kuligusa. Katikati pana ukuta mwembamba, unene wake ni wa ukili mmoja wa mkeka. Wasiojua huuvuka wakarudi mlangoni wenyewe, wakadhani wamefika. Wewe bana kidole upande wa chini.

Siku ile ulikuwa na miaka tisa na mkono wako ulikuwa unanuka maembe mabichi. Nliogopa kukubana nikakuumiza.

Baba yako


Mkunazini
9 Aprili 1969

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila mafua ya kupita. Kazija mpe salamu zangu na umwambie nimecheka.

Pindo la nne limekaa. Nachora nyuma ya karatasi za ofisi zilizokwisha kazi, wakati wa chakula, wenzangu wakiwa wametoka. Nafumba macho kwanza, naupeleka mkono hewani, halafu nafumbua na kuchora. Jana Bwana Sleiman kaingia akanikuta katika hali hiyo. Akarudisha mlango polepole.

Unasema ningekubali au nisingekubali kuja. Hata mimi sijui, baba. Nlikuwa na hasira na wewe, na hasira hizo nlikuwa nazo mimi tu, hazikuwa na mtu wa kuzisikia. Ninapika chungu kidogo kiasi cha kikombe, na bado kinabaki. Sikuandikii haya unionee huruma. Nakuandikia kwa kuwa umeniuliza, na hakuna mwengine aliyeniuliza.

Nangoja la tano.

Mwanao Mwatum


Kizimkazi
3 Mfungo Sita, 20 Mei 1969

Binti yangu Mwatum,

Marahaba. Mvua ya masika imetunyesha mpaka tumeichoka. Mguu umevimba, nikaufunga jani la mnyonyo, ukanywea. Nimechelewa kukuandikia kwa sababu nlitaka kwanza niingie pangoni nilipime la tano vizuri, nami kwa mguu ule nisingeweza kuinama.

Nimeingia juzi. Mawe ya mdomoni yanateleza, nikaenda kwa makalio kama mtoto. Huko ndani hakuna mvua wala jua, wala hujui ni saa ngapi. Nimekaa muda, nikakuta nasema na wewe. Nilikuwa nakueleza njia kwa sauti kama vile mkono wako umo mwangu. Nikaona haya, nikanyamaza, halafu nikaendelea.

La tano ndilo refu kuliko yote. Linapanda, linauzunguka mzingo mzima kwa nje, na ukiwa humo utaapa kwamba umepotea. Hujapotea, ndivyo lilivyo. Mimi nilipofikishwa hapo nlimwambia baba tumeshatoka nje, akanipiga kofi la kisogo. Jiwe la hapo linakwaruza kama ulimi wa paka, mpaka juu kabisa, ndipo linapokuwa laini na kugeuka kuume. Urefu wake ni shubiri kumi na moja za kwangu. Za kwako zitakuwa kumi na tatu.

Watu wa mawe wamepita tena. Hawajafanya kitu, wameangalia tu. Ile karatasi imefikia wapi?

Baba yako


Mkunazini
28 Mei 1969

Baba,

Shikamoo. Afya njema, nawe uniuguzie huo mguu, usiingie pangoni na utelezi.

Karatasi bado, wanangoja mchoro ukamilike. Nipe la sita na la saba pamoja ukiweza.

Nlipofika pale uliposema ulikuwa unasema na mimi, niliacha kusoma, nikaenda dirishani, nikarudi. Kumbe tuko wawili. Mimi nasema na wewe nikiwa nafua.

Mwanao


Kizimkazi
4 Mfungo Saba, 20 Juni 1969

Binti yangu,

Marahaba. Mguu umepoa. Nyingine si habari njema, lakini kwanza nikupe la sita.

Ni fupi, halizidi shubiri moja. Linageuka ghafla upande wa kushoto, na hapo utakuta kijishimo kinachoingia ncha ya ukucha. Hapo mtunzaji husita, bila ya kunyanyua, akataja waliomtangulia. Mimi hutaja baba yangu Mcha, na shangazi yake Mwanamwema, na waliotangulia mbele yao nliowahi kuambiwa. Mwisho hutajwa anayekuja baadaye. Nlikuwa nalitaja jina lako kila mwaka, Mwatum. Hata ile miaka ya ghadhabu, nilipokuwa siwezi kukutaja mbele za watu, mle ndani nlikutaja.

La saba sikupi. Limenikaa moyoni hivyo na sitaki ubishi. Mapindo sita umeyapata kwa barua, la saba utakuja kulichukua kwa mkono wako. Njoo hata kwa siku moja. Pandu atakuleta.

Sasa hiyo habari mbaya. Msimamizi kanijia jana nyumbani, kakaa, kanywa maji. Anasema hatongojea Mwaka, mawe yanatakiwa mapema, na ataanza wiki ya kwanza ya Julai. Akaniuliza, mzee, ile karatasi yako? Nikamwambia inakuja. Nlimwambia hivyo Februari, na Machi, na Mei. Mtu yule ananiheshimu, lakini nlimwona usoni anadhani nimekuwa mzee wa kubuni maneno.

Iko wapi, mwanangu?

Baba yako


Mkunazini
27 Juni 1969

Baba yangu,

Shikamoo. Sina ugonjwa wa mwili. Soma barua hii mpaka mwisho kabla hujaichana.

Bwana Sleiman hakutaka mchoro. Siku ile ile ya Februari aliniambia hivi: "Bi Mwatum, mchoro mtu yeyote anaweza kuuchora amelala kitandani kwake. Mimi wanipe picha ya kamera, rula imewekwa pembeni, nami karatasi ntaitia saini siku hiyo hiyo." Na alikuwa tayari kuja mwenyewe na mpiga picha. Kila mwezi ananiuliza, mzee wako kasemaje? Nami kila mwezi namwambia, bado anafikiri.

Picha inataka taa. Nlijua nikikuandikia neno taa hutonijibu tena. Katika miaka kumi na mbili nlikuwa nimepata barua yako moja, nikataka ya pili. Nikaipata, nikataka ya tatu. Kila nilipokaa nikuandikie kweli nlijiambia acha nipate pindo moja zaidi, halafu ntasema. Nilikuwa nachora, na mchoro ule haukuwa na kazi yoyote. Ulikuwa wangu tu. Nimekudanganya, baba, na nimeuchezea urithi wako kwa sababu nyumba hii ni kimya.

Nakuomba ukubali taa. Mara moja tu, muda wa kupiga picha. Bwana Sleiman atakuja siku utakayosema, hata kesho. Akija bila ya ridhaa yako watu wa Kizimkazi hawatompeleka pangoni, na haki yao. Mpe Pandu neno moja tu, ndio, halihitaji hata barua.

Nisamehe.

Mwatum


Kizimkazi
22 Mfungo Saba, 8 Julai 1969

Mwatum,

Marahaba. Mimi nipo.

Barua yako ilinifikia Jumamosi ya tarehe ishirini na nane. Siku ya kwanza sikula. Siku ya pili nilipandwa na hasira nikataka kuja huko mjini kwa miguu. Siku ya tatu nikajiuliza, huo moto umekatazwa kwa nini? Nikatambua kuwa sijui. Niliambiwa hauingii, nami nikakwambia hauingii. Siku ya nne nikamuuliza Kazija, akasema baba yangu naye hakujua, maana naye alimuuliza marehemu mama yake Kazija. Siku ya tano nilikuwa nimelainika kidogo. Siku ya sita sikumbuki nilifanya nini.

Siku ya nane, Jumamosi, wamekuja na mitarimbo. Nilikwenda nikakaa mdomoni mwa pango. Msimamizi hakunifukuza. Alichutama mbele yangu akasema, mzee, kama unayo karatasi nipe, kama huna usinitie matatani. Sikuwa nayo. Nikamwomba niingie mara moja, akawaambia watu wake wakae kivulini mpaka nitoke. Nikaingia nikaufuata wote, saba kwenda na saba kurudi. Pale kwenye kijishimo niliwataja wote. Jina lako lilinikwama, nikalitaja kwa shida. Nikatoka, nikawapisha. Walianza saa nne na kufikia alasiri chumba cha ndani kilikuwa kinapigwa jua.

Leo ni Jumanne. Asubuhi hii nimeamka na moyo wangu umekubali taa. Nimekubali kabisa, bila ya shaka hata chembe. Kipo wapi cha kumulika?

Mimi ndivyo nilivyo, na wewe unanijua. Jambo linataka miezi lishuke kooni. Ungeniambia Februari ningekutukana Februari, Machi ningenuna, na kabla ya Mei ungeniona nimekuja mwenyewe na kandili mkononi. Uliniibia hiyo miezi. Na mimi nikapoteza siku saba za mwisho kwa ukaidi, siku ambazo nlikuwa nazo. Siwezi kukulaumu wewe peke yako, ingawa nimejaribu.

Simai


Mkunazini
12 Julai 1969

Baba,

Shikamoo.

Sijui niandike nini. Bwana Sleiman nimemwambia yote, na uongo wangu pia. Alivua miwani akakaa nayo mkononi, akasema angeutoa mshahara wa mwaka mzima auone mara moja. Hakunifukuza kazi. Angenifukuza ningepumzika.

Baba, mapindo sita nnayo. Nimeyaandika upya kwa wino, kila shubiri na kila kijishimo, kwenye karatasi nzuri. Limebaki la saba. Nalitaka uniandikie, hata kama umekasirika, hata kwa mistari miwili. Nikilipata mzingo utakuwa mzima mahali fulani duniani. Kuja sithubutu. Sina uso wa kukutazama, na nlikwambia kweli nilipokuwa sina njia nyingine. Niandikie tu.

Mwanao, kama bado,
Mwatum


Kizimkazi
10 Mfungo Nane, 25 Julai 1969

Mwatum,

Marahaba. Watu wameoga mwaka, nami nimekaa nyumbani.

Nimejaribu kukuandikia la saba tangu barua yako ilipofika. Nimelala chali nikafumba macho, kidole kikaenda vizuri mpaka kwenye kijishimo, halafu kikasimama. Nimejaribu ukutani, nimejaribu mchangani, nimejaribu kwenye kitanga cha mkeka. Nilidhani nalijua. Kumbe lililokuwa linajua ni jiwe, lilikuwa linanipeleka lenyewe kama mama anavyompeleka mtoto sokoni, na mimi nikadhani nnakwenda. Naweza kubuni pindo nikakupa na usijue. Sitaki.

Nimekwenda kule kwenye kifusi nikapapasa mawe. Wanayapasua madogo ya kuingia tanuu la chokaa, yote sawasawa, hayana kitu.

Nilikuficha lile moja ili uje. Ningekupa Juni lingekuwepo.

Basi huna tena la kuja kuchukua huku, na mimi sina la kukuelekeza. Usijitaabishe kuandika, maana sitokuwa na jibu.

Simai


Mkunazini
13 Machi 1970

Baba yangu,

Shikamoo. Mimi sijambo. Natumai barua hii itakukuta mzima wewe na mguu wako. Pandu ananiambia anakuona barazani kila akipita. Nimekuwa nikimuuliza kila wiki, na sasa akiniona tu kituoni anatikisa kichwa kuonesha ndio, nimemuona, kabla sijafungua mdomo.

Miezi minane natafuta haja ya kukuandikia. Ramadhani nlianza barua ya kukuuliza dawa ya kikohozi, nami sikuwa na kikohozi. Sikukuu ya kuchinja nlianza nyingine nikuombe tarehe ya kufariki mama, nayo naijua. Zote mbili nimezichana, kwa kuwa uongo wa kukupata nlishausema mmoja na unatosha.

Kwa hivyo nakuandikia bila ya haja. Pango limekwisha, mapindo sita yamo ndani ya sanduku la nguo na hakuna anayeyataka. Sikuombi kitu, sikuelezi kitu, sijui hata kama mtu anaruhusiwa kumwandikia mzee wake namna hii. Nna neno moja tu, nalo limenikaa tangu lini sijui, na kila nikipakua chakula changu linanijia.

Baba, leo umekula nini?

Mwanao,
Mwatum


Kizimkazi
9 Mfungo Nne, 17 Machi 1970

Mwanangu,

Marahaba.

Leo nimekula muhogo wa kuchemsha na chumvi. Samaki hakukuwa. Kazija huniletea sahani kila Ijumaa, na leo ni Jumanne. Nimekaa jikoni kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, nikala peke yangu, kama jana na juzi na kama kila siku tangu ulipofunga nguo zako. Mwanzo nilikuwa nikipika cha watu wawili, mkono umezoea. Nikakiacha kibaki, asubuhi nikawapa kuku, mpaka mwaka wa pili ndipo mkono ukajua kuwa umeondoka.

Miaka kumi na mitatu nimengoja mtu aniulize hilo. Barua ya kwanza niliyokuandikia, ya jabali na karatasi, nliianza mara nne, na zile tatu za mwanzo hazikuwa na jabali ndani yake. Nilizichana.

Nimelia, Mwatum, na ninaandika hivyo hivyo, usishangae ukikuta wino umechuruzika.

Na wewe umekula nini? Na umekula na nani?

Baba yako